Jinsi ya kuusoma muundo wa talini inaposhika integrini

Talini ni protini ya ndani ya seli, na integrini ni protini ya utando wa seli ambayo talini huishika na kuiamsha. Pakua kutoka Benki ya Data za Protini faili la 3G9W, linaloonyesha vikoa (sehemu za protini zinazojikunja zenyewe) F2 na F3 vya talini-2 vikiwa vimeshikana na mkia (sehemu iliyo ndani ya seli) wa integrini beta-1D, kisha ulifungue kwa ChimeraX, programu ya kutazama miundo ya molekuli, na uupe kila mnyororo rangi yake.

Anza na F3, kwani ndicho kikoa chenye kazi kubwa. Tafuta kwenye mkia mfuatano wa asidi amino asparajini, prolini, isolusini na tirosini, ambao F3 huushika. Halafu rudi nyuma kidogo, upande wa utando wa seli, hadi kwenye triptofani, uone inavyozama ndani ya F3. Wengi huishia hapo, ilhali mshiko huo peke yake hauiamshi integrini: ni lazima F3 kiguse pia sehemu ya mkia iliyo karibu zaidi na utando, ili minyororo miwili ya integrini, alfa na beta, iachane.

Sasa fungua 6R9T, yaani talini-1 iliyojikunja, yenye asidi amino 2541. Ukivilaza vikoa F3 vya mafaili yote mawili kimoja juu ya kingine kwa amri ya matchmaker, utaona kikoa R9 cha shina (sehemu ndefu ya talini inayofuata kichwa chenye F2 na F3) kimekalia mahali pale pale ambapo sehemu hiyo ya mkia ingepita.