Mtoto akikuuliza "mbona hivi?", mjibu kwa vitu vya humo humo ndani

Mimi nimekulia nyumba ya bati, na kila jioni jua likishazama, kile kigiza cha kwanza, paa letu lilikuwa linalia. Ko! Kimya. Afu ko ko! upande wa chumba tulichokuwa tunalala watoto. Bibi alikuwa anatuambia ni wanga hao wanatua, laleni, na sisi tunavuta shuka mpaka kichwani, yaani joto lote lile la mwezi wa kwanza umejifunika gubigubi unatoka jasho. Miaka mingi nimelala hivo. Nimekuja kufika form two mwalimu wa fizikia anafundisha kutanuka na kusinyaa, anatoa mfano wa reli, mi nimekaa pale nawaza bati letu tu, nikaona kumbe ndo hili, na hakuna mtu aliyewahi kutuambia.

Sasa nina binti wa miaka 8, na maswali yake ni asubuhi mpaka usiku. Nimejiapiza sitamwambia "acha maswali mengi" hata siku moja. Naandika hapa ninavyofanya nyumbani kwa mzazi mwenzangu, shangazi, mjomba, yeyote anayekaa na mtoto, na huhitaji maabara wala kukumbuka fomula, unahitaji glasi, chupa tupu, kitambaa na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.

La kwanza kabisa, ukiulizwa usikimbilie kueleza. Muulize yeye anadhani itakuwaje, mwache aseme hata kama anakosea, afu mfanye mbele ya macho yake. Mtoto aliyebashiri anaangalia kwa makini kuliko aliyeambiwa tu. La pili, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, chupa mbili zifanane kila kitu isipokuwa kile mnachokichunguza. La tatu, kuwe na kitu cha kuhesabu au kugusa, maana bila hivo inabaki kuwa hadithi ya baba na mtoto atasahau kesho.

Tuanze na hilo bati. Mchana jua kali bati linaweza kufika nyuzi 60, ukiligusa unatoa mkono mbio. Jua likizama linapoa haraka sana kwa sababu ni jembamba. Bati la mita 3 likipoa kwa nyuzi 30 linafupika kama milimita 1 hivi, mwonyeshe mtoto milimita 1 kwenye rula, atakwambia mbona ndogo. Ni ndogo kweli, ila bati limepigiliwa misumari kwenye mbao, haliwezi kuteleza taratibu, linang'ang'ania hapo hapo huku linavutika, likishindwa linaruka kwa mpigo mmoja, na huo mpigo ndo ile ko. Jaribio lake ni kukaa nje kuanzia jua linapozama, nusu saa, na daftari, kila ikilia mtoto anapiga mstari. Rudieni siku yenye mawingu mazito. Kama ni wanga, mawingu hayawazuii. Kama ni joto, siku ya mawingu bati halikupata moto kwahiyo milio itapungua. Hapo ndo mtoto anaelewa maana ya ushahidi, bila wewe kulitaja hilo neno.

Radi nayo iko hivo hivo, inatisha mpaka uipe namba. Mwanga unafika kwako papo hapo, unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini sauti inajikokota mita kama 340 tu kwa sekunde. Kwahiyo mkiwa NDANI, dirisha limefungwa, ukiona mmweko anza kuhesabu sekunde mpaka ngurumo, gawanya kwa 3, umepata kilomita. Sekunde 9 ni kilomita 3. Hesabu ikiwa inapungua kila mmweko basi mvua inakuja kwenu, ikiongezeka inaondoka. Na hapa naomba tusikilizane vizuri: mkiwa nje na hesabu ikawa chini ya 30, ingieni ndani ya nyumba au ndani ya gari, sio chini ya mwembe, mti mrefu ndo unaoitafuta radi, na watoto wetu wengi wanakimbilia hapo hapo wakitoka shule. Subirini nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndo mtoke.

Mwezi kufuata gari. Hili kila mtoto anauliza na mimi niliuliza pia, nikajibiwa "kwa sababu unakupenda". Jibu zuri, lakini dogo wa siti ya nyuma na yeye anaona unamfuata yeye. Tulikuwa kwenye basi kutoka Dar kwenda Morogoro usiku, binti akasema baba, mbona mwezi hautuachi? Nikamwambia mama, hebu angalia nguzo za umeme kwanza. Zinapita vuuup. Sasa angalia yale mataa ya mbali kule. Yanarudi nyuma polepole. Sasa mwezi. Kisha nikamwambia anyanyue kidole karibu na pua, afumbe jicho moja, abadilishe jingine, kidole kinaruka. Anyooshe mkono wote arudie, kinaruka kidogo. Basi, kitu kikiwa mbali zaidi kinaruka kidogo zaidi. Mwezi uko mbali kilomita kama 384,000, kwahiyo hata ukitoka Dar mpaka Chalinze, kilomita 100 hivi, safari yako inausogeza angani kwa kiasi ambacho hakifiki hata sehemu moja ya thelathini ya upana wa mwezi wenyewe. Jicho halioni. Nguzo zote zinabaki nyuma, wenyewe uko pale pale dirishani, na ubongo unasema basi huu unakuja na sisi. Alikaa kimya muda, akaniuliza, kwahiyo na bibi kule Tanga anaona mwezi huu huu? Ndio mama, huu huu.

Mkiwa safarini fanyeni na hili, ni dogo ila linamshangaza kila mtu. Chukua chupa ya maji iliyojaa karibu yote, acha kipovu kidogo cha hewa, funga, ilaze usawa kwa urefu wa gari. Dereva akiondoka kwa kasi abiria mnarudi nyuma kwenye siti. Muulize mtoto kipovu kitaenda wapi. Wote wanasema nyuma. Kinaenda MBELE. Sababu ni kwamba maji ni mazito kuliko hewa, maji nayo yanataka kubaki pale yalipokuwa kama nyinyi abiria, hiyo ndo tabia Newton aliyoiandika 1687, yanajaa nyuma ya chupa na hewa inakosa nafasi inasukumwa mbele. Daladala ikifunga breki angalieni tena, kipovu kinakimbilia nyuma wakati waliosimama wote wanaenda kumlalia konda.

Sasa mtungi, na hapa nitakaa kidogo maana fizikia ya mtungi inafika mbali kuliko watu wanavyodhani. Watoto wa sasa hivi wanajua friji, ukimpa maji ya mtungi anashangaa yamepoaje bila umeme. Mwambie apitishe kiganja nje ya mtungi, ataona unyevu. Udongo una vitundu vidogo, maji yanapenya kidogo kidogo mpaka nje, yakifika nje yanageuka mvuke, na kugeuka mvuke kunahitaji joto, sasa joto hilo linatoka wapi? Linachukuliwa kwenye mtungi wenyewe na maji yaliyobaki ndani. Na ni joto jingi mno: gramu 1 tu ya maji ikigeuka mvuke inabeba joto la kutosha kupoza zaidi ya nusu lita kwa nyuzi 1. Gramu 1 ni kama matone 20. Ndo maana mtungi unapungua maji kidogo tu ila unapoza ndoo nzima.

Kama hamna mtungi nyumbani fanyeni hivi. Chupa mbili za plastiki zinazofanana, maji ya bomba kiasi sawa. Moja ivalishe kitambaa cha pamba, kipande cha kanga kuukuu kinafaa sana, kiloweshe. Nyingine iache wazi. Ziweke zote kivulini penye upepo, sio juani, watu wengi wanakosea hapo wanaweka juani. Kila kitambaa kikikauka mtoto anakilowesha. Baada ya saa moja na nusu ashike moja huku na moja huku, amwage kidogo kila moja aonje. Afu badilisheni: ziwekeni ndani penye hewa iliyotulia mlinganishe. Mkifanya Dodoma kiangazi, hewa kavu, utaona tofauti kubwa. Mkifanya Dar au Zanzibar mwezi wa tatu mtavunjika moyo, hewa imeshajaa mvuke, haina pa kuuweka mwingine. Nayo ni somo, kwa sababu ndo hiyo hiyo inayofanya jasho la Dar likugande mwilini lisikusaidie kitu, wakati mtu wa Dodoma kwenye joto lile lile anapumua. Na ukitoka kuoga hata kwa maji ya moto mbona unatetemeka? Na chai mbona unaipuliza? Mtoto akishaelewa chupa ya kanga haya yote anakujibu mwenyewe, wangu alinijibu ya chai kabla sijamaliza kuuliza.

Maharage nitapita haraka. Dada yangu aliolewa Mbeya akawa analalamika maharage hayaivi, anasema mkaa wa kule mbaya. Mkaa hauna kosa. Mbeya iko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ya juu ni nyepesi inakandamiza maji kidogo, kwahiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Tanga. Yanachemka kweli lakini hayana moto ule. Kuongeza mkaa hakusaidii, maji yanayochemka yanabaki pale pale yanakauka tu haraka, kwahiyo yakishachemka punguza moto uokoe hela. Kinachosaidia ni presha kuka, inafungia mvuke ndani mpaka maji yanafika nyuzi kama 120. Na kuloweka usiku.

Glasi ya maji na kadi juu yake unaigeuza kichwa chini haimwagiki, hiyo mnaijua, hewa inasukuma kutoka chini kwa nguvu ya kama kilo 1 kila sentimita mraba, fanyieni juu ya beseni basi.

Swali gumu nililoulizwa ni kama maji ya moto yanaweza kuganda kuwa barafu kabla ya ya baridi, na hilo limeulizwa na mtoto wa kitanzania kabla yetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba Sekondari kule Lushoto, wanatengeneza ice cream, yeye akaingiza maziwa yake kwenye friji yakiwa bado ya moto kuwahi nafasi, yakaganda kabla ya ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Akauliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuja kuwatembelea. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar akaagiza lijaribiwe, na 1969 wakaandika pamoja kwenye jarida la fizikia. Leo dunia nzima inaita athari ya Mpemba. Mimi hii habari inanigusa sana, kijana amechekwa mbele ya darasa zima na bado hakulimeza swali lake.

Kulijaribu nyumbani: vikombe viwili sawasawa, maji kiasi kile kile pimeni kwa kijiko, kimoja maji ya moto ya kuvumilika, kingine ya bomba. Viwekeni juu ya kibao, sio juu ya barafu ya friza, kwa sababu kikombe cha moto kinayeyusha barafu iliyo chini yake kinakaa vizuri kinapoa haraka, hapo mtakuwa mmepima kitu kingine. Funueni kila dakika 20, andikeni. Msiahidiane matokeo. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana, 2016 kuna watafiti Uingereza walipima upya kwa uangalifu hawakuiona hiyo athari, wengine wanasema wameiona. Sisi tumefanya mara tatu, mara mbili ya bomba yametangulia, mara moja ya moto. Binti akauliza, sasa jibu lipi? Nikamwambia sijui, turudie. Mzazi usiogope hilo neno "sijui" mbele ya mtoto, mradi lifuatwe na "tujaribu".

Bati tunaendelea nalo. Siku ya jua kali alihesabu milio 17. Siku ya mawingu 4. Juzi mvua imenyesha kutwa nzima, jioni tukakaa tena barazani na daftari lake, nusu saa nzima, bati halikulia hata mara moja, akaandika sifuri kubwa akaizungushia duara. Sasa anataka tukaombe kwa jirani tukakae barazani kwake, jirani ameezeka bati la msauzi la rangi nyeusi, anasema lile litalia zaidi. Nimemuuliza kwa nini, akasema kwa sababu jeusi linashika moto. Jumamosi tunaenda.