Somo: Kurudisha nguvu za kifundo cha mguu kilichoteguka, kwa ngazi, blada na unga

Mteja wangu mmoja wa mtaa wa Pipeline, Nairobi, aliniambia kifundo chake kimepona. Uvimbe umekwisha, anapanda hadi orofa ya tano na mtungi wa maji bila kuchechemea. Nikamwomba asimame kwa ule mguu ulioteguka, aguse ukuta kwa kidole kimoja tu, kisha anyanyue kisigino. Kilinyanyuka kimo cha kiberiti, kikatetemeka, kikarudi chini. Kwa mguu wa pili akapiga ishirini na mbili huku akicheka. Hiyo ilikuwa wiki ya saba.

Wengi wetu tuko hivyo. Maumivu yakiisha tunasema mguu umepona, kumbe msuli ulilala na hakuna aliyeuamsha. Halafu siku moja unashuka stejini, matatu haijasimama sawasawa, unakanyaga jiwe, na kifundo kinapinda palepale pa kwanza.

Mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, na miguu ya aina hii ndiyo chakula changu. Somo hili ni la kifundo kilichogeukia ndani, kano za upande wa nje zikavutika. Ndivyo miguu mingi inavyoteguka.

Kwanza hakikisha si mfupa

Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo hadi leo inatumika duniani kote. Bonyeza ukingo wa nyuma wa ile mifupa miwili inayotokeza kando ya kifundo, kuanzia ncha ya chini kwenda juu sentimita 6. Ukiruka kwa maumivu, nenda eksirei. Vivyo hivyo kama hukuweza kutembea hatua nne pale ulipoumia na bado huwezi unapopimwa. Bonyeza pia ule mfupa unaotokeza katikati ya ukingo wa nje wa wayo, na ule wa upande wa ndani mbele ya kifundo.

Na tafadhali, usianzie kwa mchuaji. Nimeshapokea mguu uliovutwa siku tatu mfululizo "urudi mahali pake", na mfupa ulikuwa na ufa.

Hatua ya 1: siku tatu nne za mwanzo

Bandeji ya kubana kiasi, mguu juu ya mto, tembea kadiri unavyoweza hata kama ni kwa magongo. Chora herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A hadi Z, mara tatu kwa siku. Basi.

Hatua ya 2: sukuma ukuta

Kaa kitini, weka ukingo wa nje wa wayo ukutani, sukuma bila mguu kusogea. Hesabu hadi kumi, pumzika, rudia mara tano. Fanya pia upande wa ndani, ukisukuma mguu wa meza. Msuli unafanya kazi lakini kano haivutwi, ndiyo maana unaweza kuanza mapema.

Hatua ya 3: blada

Ukiweza kutembea nyumbani bila kukunja uso, tafuta blada, ule mpira wa tyubu wanaofungia mizigo kwenye bodaboda. Mikanda ya rangi ya dukani ni mizuri, ila sijaona kazi ya kifundo ambayo blada imeshindwa. Funga ncha moja kwenye mguu wa kitanda, nyingine izungushe sehemu ya mbele ya wayo, vuta kwenda nje. Goti lisigeuke. Hapo ndipo watu wanajidanganya: wayo umetulia, paja ndilo linazunguka. Shika goti kwa mkono. Kwenda hesabu moja, kurudi hesabu tatu.

Hatua ya 4: ngazi

Hatua hii ndiyo somo lenyewe. Ukikosa muda wa mengine yote, usikose hii.

Simama kwenye ngazi, nusu ya mbele ya wayo tu ikanyage, visigino vining'inie. Shika ukuta. Nyanyua visigino, yaani panda kwa miguu yote miwili hadi mwisho, tua kidogo juu, shuka polepole kwa sekunde tatu mpaka kisigino kipite chini ya ngazi. Tazama uzito unakwenda wapi: uwe kwenye shina la kidole gumba. Ukiona kifundo kinaangukia nje, kwenye kidole kidogo, umechoka au umeongeza mapema mno.

Anza na seti tatu za mara kumi. Zikiwa rahisi, panda kwa miwili, shuka kwa mmoja. Kisha panda na ushuke kwa mmoja. Kisha beba begi mgongoni lenye pakiti mbili za unga, kilo 4, na uendelee kuongeza pakiti. Siku moja fanya, siku moja pumzika.

Watu hukwama hapa kwenye kuongeza. Wanafanya zoezi lilelile la wiki ya pili hadi mwezi wa tatu, halafu wanalaumu mguu. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, alikuwa akiwatibu huko Chicago askari walioumia magoti, na mazoezi mepesi ya siku zile yalikuwa yanawakawiza. Mwaka 1945 alichapisha njia yake: uzito mkubwa, unaoongezwa kadiri msuli unavyopata nguvu. Baadaye aliifupisha iwe seti tatu za mara kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito unaouweza mara kumi, ya pili robo tatu, ya tatu wote. Ile "kumi mara tatu" unayoandikiwa kwenye karatasi ina asili yake huko, ila karatasi nyingi zimesahau kuandika "ongeza".

Maumivu je? Kati ya sifuri na kumi, hadi tatu endelea. Kipimo halisi ni kesho yake: zile hatua za kwanza kutoka kitandani kwenda chooni. Mguu ukiwa mgumu au umevimba kuliko jana, rudi kiwango kimoja nyuma.

Hatua ya 5: mguu mmoja

Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Ukizoea, simama juu ya mto uliokunjwa. Ukizoea hilo, fumba macho, lakini karibu na ukuta. Kano iliyovutika hupunguza habari ambazo kifundo kinaupelekea ubongo, na habari hizo hazirudi kwa kupaka dawa.

Hatua ya 6: kuruka na kukimbia

Ukishafikisha visigino ishirini kwa mguu mmoja, au ukikaribia kabisa mguu wa pili, anza kuruka kamba. Kisha rukaruka kwa mguu mmoja, mbele na pembeni.

Maswali ya wanachama

*Rider wa Kayole: Daktari, mguu wangu ni wa kushoto, ule wa gia. Nikikanyaga nasikia kruk kruk. Ni mfupa unasagika?*

Mlio bila maumivu wala uvimbe usikutishe, ndugu yangu. Ila gia ya kupanda unaivuta juu kwa mgongo wa wayo, kwa hiyo ongeza zoezi: blada mbele yako, vuta wayo kuja kwako. Na vaa kiatu cha kufunga, sandali kwenye pikipiki hapana.

*Mama Shiro: Kijana wangu ana miaka 11, aliteguka akicheza mpira. Afanye hizi hatua?*

Mama, kwanza eksirei. Kwa mtoto anayekua, sehemu laini ya mfupa inayorefuka ni dhaifu kuliko kano, kwa hiyo kinachoonekana ni kuteguka kinaweza kuwa mfupa. Wakisema ni mzima, nitafute tupange.

*Mzee wa Umoja: Nina miaka 61 na sukari. Naweza kupanda hiyo ngazi?*

Shikamoo mzee. Unaweza, lakini sukari hupunguza hisia za miguu, hivyo kile kipimo cha maumivu kinaweza kukudanganya. Vaa viatu, shika chuma cha ngazi kwa mikono miwili, na kila jioni tazama nyayo kama zina malengelenge.

*Wa Kasarani: Barafu au maji moto?*

Barafu kwa dakika kumi, juu ya kitambaa, ikikusaidia kulala. Gabe Mirkin, daktari aliyeeneza ushauri wa pumziko na barafu mwaka 1978, mwenyewe alikuja kusema huenda vinachelewesha kupona. Sikuzuii, ila usiifanye ndiyo tiba.

*Mama Shiro: Na shavu la mguu la dada yangu limevimba na linauma, amelala na plasta wiki mbili.*

Mama, hilo lisingoje. Mpelekeni hospitali leo hii, inaweza kuwa damu iliyoganda. Msilichue hata kidogo. Akikosa pumzi au kifua kikiuma, ni dharura.

*Mkimbiaji: Niko wiki ya tatu. Jumapili naweza kukimbia msitu wa Karura?*

Visigino vingapi kwa mguu mmoja?

*Mkimbiaji: Tisa.*

Nenda Karura utembee.