Jinsi ya kufuatilia historia ya barabara iliyopita kwenye ardhi ya umma

Naishi Bweyale, Uganda, kando ya barabara kuu ya Kampala kwenda Gulu, na huwa nawasaidia wazee wa kamati za ardhi kutafuta makaratasi. Swali wanaloniletea ni lilelile: barabara hii serikali iliikata lini, na siku ile ardhi ilikuwa ya nani? Nawaeleza njia ninayoifuata.

Chagua kipande kifupi, tuseme kutoka daraja hadi njia panda. Barabara moja huwa na historia kadhaa. Daraja la Karuma, kwenye Mto Nile, ni la 1963, lakini usidhani kila kipande kinacholifikia kina umri huo.

Kisha panga sheria za ardhi kwa miaka, kwa sababu shamba lilelile hubadilishwa jina. Mkataba wa Buganda wa 1900, kati ya Waingereza na ufalme wa Buganda, uliweka takriban maili za mraba 9,000 mikononi mwa serikali ya kikoloni kama ardhi isiyolimwa. 1975 Idi Amin alitangaza ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 iliirudisha kwa wananchi, ila misitu ya hifadhi, mbuga na maeneo oevu serikali inavishika kwa amana kwa niaba yao.

Hapo kwenye "isiyolimwa" ndipo pa kukaza macho. Ardhi iliyoitwa tupu huenda ilikuwa na watu, hata nje ya Buganda. Chukua upande wa mbuga ya Murchison. Mwanzoni mwa karne iliyopita serikali iliwahamisha watu wa kando ya Nile kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Baadaye nchi hiyo ikafanywa hifadhi ya wanyama, na 1952 ikawa mbuga ya taifa. Leo lami ya kutoka Masindi kwenda Buliisa inapita mbugani, na pale Paraa daraja limechukua nafasi ya kivuko. Anayeanza kusoma kwenye mafaili ya miradi ya mafuta ya huko ataona barabara imepita porini tu. Anza nyuma zaidi, utakuta watu. Mimi jambo hili linaniuma, maana wajukuu wao wapo na bado wanauliza.

Ramani zipo Entebbe, katika Idara ya Upimaji na Ramani. Omba zile za 1:50,000, toleo la zamani na la baadaye, uzilinganishe. Soma pembeni picha za angani zilipigwa mwaka gani. Mwaka wa kuchapwa ramani hautoshi. Barua na ripoti za wakoloni zipo kwenye Nyaraka za Taifa, Wandegeya, Kampala. Huko usitafute kwa jina la barabara. Tafuta kwa wilaya na kwa idara ya ujenzi, yaani PWD.

Sasa wazee. Ukimwuliza mzee "barabara ilijengwa mwaka gani?" atakukisia. Uliza nani aliitwa kazini, chifu gani aliita, kambi ilikuwa wapi, changarawe ilichimbwa shimo lipi. Mashimo hayo mengi bado yanaonekana. Nenda nao mkayatazame. Mkataba ule wa 1900 uliruhusu machifu wa Buganda kudai kibarua mmoja kwa kila nyumba tatu, kwa muda usiozidi mwezi mmoja kwa mwaka, kutunza barabara. Kazi hiyo ya lazima, isiyo na malipo, watu waliiita luwalo. Ripoti hutaja maili. Majina ya waliolima njia kwa jembe hutayakuta. Yaandike wewe, pamoja na kijiji na ukoo, na mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ikiwezekana.

Kwa barabara za karibuni, UNRA, mamlaka ya barabara za taifa, ilianza kazi 2008, na mwisho wa 2024 majukumu yake yakarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Barua iende wizarani. Taja Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005, inayowapa siku 21 za kujibu. Omba michoro ya njia na orodha ya fidia. NEMA, mamlaka ya mazingira, waombe ripoti ya athari za mazingira, hasa barabara ikigusa msitu kama Mabira au kinamasi kama Lubigi. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo. Wakikataa, dai sababu kwa maandishi, kwani bila karatasi hiyo rufaa itakuwa ngumu.