Ukifika Wuhan, China, kusoma: karatasi kwanza, tumbo baadaye

Ukitua na viza ya X1, ile ya masomo ya muda mrefu, hesabu siku 30: ndani yake uwe umeshaomba kibali cha ukaazi. Ukipanga chumba nje ya chuo, ripoti polisi wa mtaa ndani ya saa 24. Mimi nilisema kesho, kesho ikawa siku ya tano, nikaishia kukaa kwenye benchi nusu siku nikiandika maelezo.

Noti utazisahau. Hata mama muuza maandazi ya mvuke ana msimbo wa QR umening'inia kwenye toroli. Pakua Alipay na WeChat, programu za kulipia kwa simu, ukiwa bado nyumbani, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, la kati likiwemo. Langu lilikosa nafasi moja tu kati ya majina mawili, benki ikanirudisha mara tatu.

Asubuhi kula reganmian, tambi zenye rojo la ufuta. Zikoroge upesi zikiwa za moto. Zikipoa zinagandana kama gundi. Hutaki pilipili? Sema "bu yao la", ingawa zitakuja nayo kidogo. Unga wa mahindi upo, unaitwa yumi mian, ila ni wa njano, na ugali wake ni mtamutamu. Nimeshauzoea.

Nunua koti zito mapema. Mfumo wa mji wa kupasha nyumba joto ni desturi ya kaskazini. Wenzetu wa Harbin, mji wa huko kaskazini, nje barafu tupu, ndani wanakaa na fulana. Sisi huku tunasoma na glavu.