Kuhakiki kalibreta ya dozi kabla ya mgonjwa wa kwanza

Wadau wa mionzi Arusha na Moshi, kalibreta ya dozi ni mashine ya kupima nguvu ya dawa yenye mionzi kabla mgonjwa hajapewa. Hakiki yake ya asubuhi haithibitishi kwamba mashine inasema kweli. Inaonyesha tu kama leo inasema yale yale ya jana. Hatua zenyewe ni nyepesi.

1. Iwashe mapema ipate joto. Vichupa vya teknesiamu, dawa yenye mionzi, vikae mbali, nyuma ya ngao ya madini ya risasi.

2. Soma mionzi ya mazingira kisima, yaani shimo la kupimia, kikiwa kitupu. Ikipanda kuliko kawaida, chomoa kishikio na ganda la plastiki la ndani uvikague. Mara nyingi tone la dawa limedondokea humo.

3. Tumbukiza chanzo cha sesiamu-137, kile cha kuhakikia mashine, namba itulie, andika.

4. Linganisha na hesabu, maana sesiamu hupungua nusu kwa miaka 30 hivi. Chanzo kilichokuwa MBq 7.4 (megabekereli, kipimo cha nguvu ya mionzi) miaka 10 iliyopita leo kisome kama 5.88. Kwa kiwango cha asilimia 5, kuanzia 5.59 hadi 6.17 ni sawa.

5. Chanzo kikiwa humo humo, bonyeza kitufe cha teknesiamu, kisha cha ayodini-131. Namba hazitakuwa za sesiamu, usishtuke. Ziandike, nazo muda ukipita zishuke kwa mwendo ule ule wa sesiamu.

Namba ikitoka nje ya kiwango, rudia. Ikigoma tena, usiandae dozi. Na wale wanaochezea namba ya kalibresheni mpaka isome wanachotaka, jamani, acheni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, hapa Moshi umeme umekatika, jenereta ikawaka. Nirudie?*
Rudia, ni dakika chache tu.

*Kipimo cha unyoofu kinachukua muda gani?*
Hicho huonyesha kama mashine inasoma sawa kuanzia dozi kubwa hadi ndogo. Unafuata teknesiamu ile ile ikipungua nusu kila saa 6. Ukianza na GBq 4, yaani MBq 4,000, utafika MBq 1 baada ya saa 72. Ukianza Ijumaa, panga kwanza nani anakuja Jumapili.

*Kalibreta tuipeleke TAEC (Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania), Njiro?*
Mita za mkononi, ndiyo, maabara ipo. Kalibreta ya dozi hukaguliwa usahihi hapo ilipo, kila mwaka, kwa chanzo chenye cheti.

*Nikivuta ayodini-123 kutoka kichupani, kwenye bomba la sindano inasoma zaidi. Kwa nini, kaka?*
Kioo cha kichupa humeza miale yake hafifu zaidi kuliko plastiki ya bomba inavyoimeza. Pima kiasi kile kile katika vyote viwili, upate kizidisho cha aina hiyo ya bomba. Mkibadilisha mabomba, pimeni upya.