Siku Mbili Mombasa: Namna ya Kukitembelea Kisiwa kwa Miguu

Mgeni aliyekuja Mombasa kwa siku mbili mara nyingi huzimaliza barabarani, akikimbilia fukwe za kaskazini asubuhi na za kusini jioni, ilhali kisiwa chenyewe, ambacho ndicho asili ya mji, anakipita akiwa ndani ya gari. Ushauri wangu ni kwamba ufikie mahali palipo karibu na Mji wa Kale, ziara za mbali uziache kwa safari nyingine, na matembezi yako uyapange kwa kufuata jua, kwa kuwa joto la adhuhuri hapa humchosha hata mwenyeji.

Anza na Ngome ya Yesu, ufike mara tu lango linapofunguliwa, kabla mawe hayajashika moto na makundi ya wanafunzi hayajajaa uani. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Wengi hupanda ukutani, wakapiga picha za bahari na kuondoka, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu utamu wa ngome umo ndani. Tafuta kwanza michoro ya ukutani iliyoachwa na Wareno, yenye merikebu zilizochorwa na watu waliozijua vizuri, kisha usimame mbele yake kwa utulivu. Baada ya hapo ingia kwenye jumba la makumbusho uangalie vitu vilivyoopolewa kutoka katika Santo António de Tanná, merikebu ya Wareno iliyozama mwaka 1697 karibu na ngome hiyo, wakati Waomani walipokuwa wameizingira. Mzingiro huo ulianza mwaka 1696 na haukwisha hadi Desemba 1698, ngome ilipotekwa. Ukiyajua hayo kabla ya kuingia, kila pembe ya ukuta itakuwa na maana. Nyumba ya Waomani iliyo juu ya ukuta nayo isikupite. Ni vyema kumchukua mwongoza watalii mwenye kitambulisho, lakini mkubaliane malipo kabla hamjaanza.

Saa za adhuhuri pumzika. Kula biriani au wali wa nazi kwa samaki, kisha ulale kidogo.

Mji wa Kale wenyewe uutembelee baada ya sala ya Alasiri, vivuli vinaporefuka na wazee wanapotoka kukaa barazani. Fuata Ndia Kuu kutoka upande wa ngome, ukitazama juu kwenye roshani za mbao na chini kwenye milango iliyonakshiwa, ambayo kila mmoja unastahili dakika zake. Endelea mpaka Msikiti wa Mandhry, unaohesabiwa miongoni mwa misikiti mikongwe zaidi mjini, na ambao mnara wake mweupe mnene unaufahamu hata kwa mbali. Ikiwa wewe si Mwislamu, utazame kwa nje isipokuwa umekaribishwa. Humu watu wanaishi: funika mabega na magoti, toa salamu kabla ya kuuliza njia, wala usimpige mtu picha bila idhini yake. Ukimkuta muuza kahawa mwenye dele lake juu ya makaa, keti unywe kahawa chungu kwa kashata, kwani mazungumzo ya hapo yatakufundisha mji kuliko kibao chochote.

Magharibi ikikaribia, chukua tuktuk hadi ufuo wa Mama Ngina, palipo na mibuyu mikubwa na meli zinazopita karibu kabisa zikiingia bandari ya Kilindini. Agiza mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa pilipili na ndimu, pamoja na dafu.

Asubuhi ya pili ni ya ununuzi. Baada ya mahamri na mbaazi, nenda Marikiti ukanunue viungo. Uchague iliki na karafuu kwa pua, si kwa macho. Kutoka hapo si mbali na mtaa wa Biashara, yalipo maduka ya leso. Usinunue ya kwanza kwa rangi yake tu. Omba ikunjuliwe, usome jina lililoandikwa, maana leso yenye maneno yasiyofaa humletea mpokeaji fadhaa. Zile sanamu za pembe za ndovu zilizo juu ya barabara ya Moi zinatosha kutazamwa ukiwa njiani.

Ukirudi Nairobi kwa treni, kumbuka kwamba stesheni iko Miritini, nje ya kisiwa, na kwamba barabara ya Makupa na Changamwe hujaa malori ya bandarini. Kata tiketi siku kadhaa kabla, hasa wakati wa likizo za shule, na uondoke mjini mapema kuliko unavyodhani inahitajika.