Uraia wa Kenya kwa kusajiliwa: miaka saba huhesabiwa kwa karatasi

Anayetoka Tanzania huuita uraia wa tajnisi. Kenya jina lake ni uraia wa kusajiliwa, maana Katiba ya 2010 inajua njia mbili tu za kuwa raia: kuzaliwa na kusajiliwa. Maelezo haya ni ya njia ya pili, kwa mtu mzima anayeishi Nairobi kihalali na amechoka kubeba kadi ya mgeni.

Kabla hujajaza fomu yoyote, hakikisha huombi kitu ambacho tayari ni chako. Kifungu cha 14 cha Katiba kinasema mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia wa Kenya, awe amezaliwa Pumwani, Kampala au Dubai. Katiba ya zamani ilimbagua mama: mtoto aliyezaliwa nje alipata uraia kupitia baba. Hii ya sasa imeufuta ubaguzi huo hata kwa waliozaliwa kabla yake. Kwa hiyo mwenye mama Mkenya na cheti cha kuzaliwa cha nje haombi kusajiliwa, bali anathibitisha uraia alio nao. Vivyo hivyo Mkenya wa kuzaliwa aliyepoteza uraia wake zamani kwa kuchukua pasipoti ya Uingereza au Marekani: yeye huomba kurudishiwa. Kila mmoja ana fomu yake, na aliyejaza isiyo yake huanza upya baada ya kungoja miezi.

Kinyume chake, kuzaliwa Nairobi kwa wazazi wageni hakumfanyi mtu Mkenya, hata kama hajawahi kuvuka mpaka.

Ndoa au ukaazi

Kifungu cha 15 kinafungua milango miwili mikubwa. Wa kwanza ni ndoa: ukiwa umeolewa au umeoa raia wa Kenya kwa miaka isiyopungua 7, una haki ya kusajiliwa ukiomba. Wa pili ni ukaazi: ukiwa umeishi nchini kihalali miaka 7 mfululizo, unaweza kuomba. Tofauti ya "una haki" na "unaweza" si ya maneno tu. Kwenye ndoa, ukitimiza masharti serikali inatakiwa ikusajili. Kwenye ukaazi, kutimiza masharti kunakupa nafasi ya kusikilizwa, na uamuzi unabaki kwao. Mwenye sifa za njia zote mbili aombe kwa ndoa. (Mtoto wa kigeni aliyeasiliwa na Mkenya ana mlango wake, na huo hufuata amri ya mahakama ya uasili.)

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inaibana ndoa kwa maswali manne: je, ilifungwa kwa mfumo wa sheria unaotambuliwa Kenya? Mwombaji hajawahi kutangazwa mhamiaji aliyepigwa marufuku au kuamriwa kufukuzwa nchini? Haikufungwa kwa ajili ya kutafuta karatasi? Na je, mnaishi pamoja wakati wa kuomba? Wengi hukwama kwenye swali la kwanza. Kukaa pamoja miaka 12 na kupata watoto 3 bila cheti ni maisha, lakini ofisini si ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu, na zote zinatakiwa kusajiliwa. Ya kimila nayo ina cheti chake. Kama mlilipa mahari mkaishia hapo, nendeni kwa msajili wa ndoa, Sheria House, Harambee Avenue, kwanza. Habari za uraia zije baadaye.

Jedwali la miaka saba

Kwa anayeomba kwa ukaazi, maombi yote husimama au kuanguka hapa. Kuwepo kwako Nairobi hakuhesabiwi. Kinachohesabiwa ni vibali. Jirani zako South B wanaweza kuapa kwamba wamekuona kila siku tangu 2015, na bado ofisa akaona miaka minne tu.

Chukua karatasi, au programu ya hesabu kwenye kompyuta, uchore safu sita: aina ya kibali, namba yake, tarehe ya kutolewa, tarehe ya kuisha, namba ya pasipoti iliyobandikwa, na safu ya mwisho yenye kichwa "pengo". Jaza kuanzia kibali cha kwanza hadi cha leo. Daraja la D ni la kuajiriwa, G la biashara, I la kazi za dini na hisani. Pasi ya mtegemezi nayo iandike, na pasi maalumu kama uliwahi kuipata ukisubiri kibali.

Kisha toa tarehe. Kibali kiliisha tarehe 14 Machi, kingine kikaanza tarehe 2 Juni: hapo katikati pana siku 79. Ulikuwa na nini siku hizo? Kama ulikuwa na pasi maalumu, iandike kwenye safu ya pengo na uambatishe nakala yake. Kama hukuwa na kitu, neno "mfululizo" limekatika, na ni heri ulijue wewe mwenyewe nyumbani kuliko kulisikia dirishani. Mara nyingi kosa ni la mwajiri aliyechelewa kulipia kibali kipya, lakini anayebeba mzigo ni mwenye pasipoti. Wakati mwingine dawa ni kusubiri mpaka miaka 7 mizima ipatikane baada ya pengo. Inauma, ila ni nafuu kuliko maombi yaliyokataliwa kubaki kwenye faili lako.

Raia wa Afrika Mashariki wanajikwaa hapa kuliko wote. Ile miezi 6 unayogongewa muhuri Namanga, Busia au Malaba ni ya mgeni anayetembea. Kutoka na kuingia kila baada ya miezi 6 kwa miaka 7 hakukupi miaka 7 ya ukaazi.

Chora jedwali la pili la safari: siku uliyotoka, siku uliyorudi, mpaka au uwanja uliopitia. Miezi 12 ya mwisho kabla ya kuomba ndiyo itakayochunguzwa zaidi, kwani sheria inataka uwe umeishi nchini kipindi hicho chote. Kama mama mgonjwa Lubumbashi atahitaji ukae naye miezi miwili, nenda, kisha uhesabu upya kabla ya kuwasilisha. Mihuri ya safari hizi iko kwenye pasipoti zilizokwisha muda, kwa hiyo usizitupe. Ukipewa mpya ubalozini, omba ile ya zamani irudishwe ikiwa imekatwa pembe.

Stakabadhi

Pasipoti zote, vibali vyote, kadi ya mgeni, picha za pasipoti, na barua ya maombi. Anayeomba kwa ndoa aongeze cheti cha ndoa, kitambulisho cha mwenzake na cheti chake cha kuzaliwa. Nakala zithibitishwe na wakili aliye kamishna wa viapo. Ofisi zao zimejaa katikati ya jiji, na ukifika na hati asili mkononi, muhuri haumalizi dakika 10. Hati iliyo kwa Kifaransa, Kiarabu au Kiamhari itafsiriwe na mtafsiri atakayetia sahihi na muhuri wake.

Majina yakague herufi kwa herufi. Kenya imezoea majina matatu, na pasipoti ya nchi nyingine inaweza kuwa na mawili, au jina la babu likawa mbele. Ukiwa "Mohamed" kwenye pasipoti, "Mohammed" kwenye kibali na "Muhammad" kwenye cheti cha ndoa, kwa ofisa nyinyi ni watu watatu. Kula kiapo mbele ya kamishna kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na ukiweke kiapo hicho juu ya rundo, kisiwe ukurasa wa 40.

Cheti cha tabia njema kiache mpaka mwisho, maana hudumu mwaka mmoja tu na jedwali linaweza kukuchelewesha. Unaomba kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ada shilingi 1,050, unachapisha fomu ya alama za vidole, kisha unakwenda kuchukuliwa alama makao makuu ya DCI (idara ya upelelezi wa jinai), barabara ya Kiambu. Mafundi wa mawe na wanaofua kwa mkono wajue kwamba vidole vilivyosagika hutoa alama hafifu, na fomu hurudishwa. Pumzisha mikono siku chache, ipake mafuta usiku, lakini uende ikiwa mikavu.

Sheria inataka pia ionekane kwamba umechangia, au unaweza kuchangia, maendeleo ya nchi. Watu huandika "naipenda Kenya na watu wake ni wakarimu". Yote kweli, na hayamsaidii ofisa kuandika lolote. Andika hivi: duka la vipuri Kirinyaga Road tangu 2016, wafanyakazi 5, wote Wakenya, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na bima ya afya zinalipwa kila mwezi. Ambatisha cheti cha kutodaiwa kodi cha KRA (mamlaka ya mapato), unachokitoa mwenyewe kwenye mtandao wao wa iTax, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti. Aliyeajiriwa aweke P9 (fomu ya mwaka ya mshahara na kodi iliyokatwa) za miaka yake na barua ya mwajiri inayotaja amewafundisha kazi akina nani. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Kuwasilisha na kulipa

Maombi hupitia mtandao wa huduma za wageni wa Idara ya Uhamiaji, na kazi nyingine humalizikia Nyayo House, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Fungua akaunti kwa barua pepe yako mwenyewe. Kijana wa saiba (duka la intaneti) akitumia yake ili "kukurahisishia", ujumbe wa kukuita kwenye mahojiano utaingia kwake, naye huenda ameshahamia mtaa mwingine. Kila hati iwe faili moja inayosomeka, na jina linaloeleweka: "kibali-D-2018", isiwe "scan0047".

Ada soma kwenye ukurasa wa malipo siku ile ile, kwa sababu hubadilishwa, na wapambe, yaani madalali wa maombi, hupenda kutaja za kwao. Malipo ya serikali kwa M-Pesa huenda paybill 222222, na namba ya ankara ndiyo akaunti. Anayekuomba utume kwa namba ya simu yake, hata akiwa na kitambulisho shingoni, hakulipii uraia. Uraia uliopatikana kwa udanganyifu, maelezo ya uongo au kuficha jambo la maana hufutwa chini ya kifungu cha 17 cha Katiba, hata baada ya miaka mingi. Kwa hiyo mpambe anayekuuzia kibali cha nyuma kuziba pengo anakuuzia kesi.

Mahojiano

Nyuma ya pazia vyombo vya usalama huchunguza, kisha unaitwa. Anayeomba kwa ukaazi lazima aelewe na azungumze Kiswahili au lugha mojawapo ya nchini. Kuna watu wameishi Westlands miaka 10 na Kiswahili chao kinaishia "leta chai". Hicho hakitoshi. Jizoeze kueleza bila kukatika unaishi wapi, unafanya kazi gani, ulikujaje, kwa nini unataka kubaki. "Sasa" na "poa" ziache langoni, msalimie ofisa kwa "Habari za asubuhi, Bwana" au "Bi", na umwache yeye aanze mzaha.

Ujue pia haki na wajibu wa raia. Soma sura ya tatu na ya nne ya Katiba, na kifungu cha 10 chenye maadili ya taifa. Shika tarehe: Madaraka tarehe 1 Juni 1963, uhuru tarehe 12 Desemba 1963, jamhuri mwaka mmoja baadaye, Katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010. Kaunti ni 47. Marais kwa mfuatano: Jomo Kenyatta, Moi, Kibaki, Uhuru Kenyatta, Ruto. Wimbo wa taifa una beti tatu, na ubeti wa kwanza ujue kwa moyo.

Walioomba kwa ndoa hujibu maswali ya nyumbani: nani hulipa kodi ya nyumba, shemeji wanaitwa nani, mlikutana wapi. Msikariri majibu. Wanandoa wa kweli hutofautiana kuhusu mwaka wa kununua friji. Waliokariri hufanana mno.

Kungoja, kiapo na baada yake

Usiache kibali chako kiishe eti kwa sababu maombi yako ndani. Mwombaji bado ni mgeni mpaka siku ya cheti. Weka namba ya maombi, fuatilia kwa maandishi, na utunze nakala. Ukikataliwa, kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu, hata asiye raia, haki ya kuandikiwa sababu pale uamuzi unapomwathiri. Ziombe. Bila sababu mkononi, wakili hana pa kuanzia. Kimya kikizidi, Ombudsman, anayepokea malalamiko dhidi ya ofisi za serikali, yuko West End Towers, Waiyaki Way, na kulalamika kwake ni bure.

Ukikubaliwa, unakula kiapo cha utiifu na kupewa cheti cha usajili. Kabla hujainua mkono, iulize nchi yako ya kwanza. Kenya inaruhusu uraia pacha, lakini Tanzania, Ethiopia, India na China haziruhusu, na siku unayosajiliwa hapa unaweza kuwa umeshaupoteza wa kule. Uganda inaruhusu ukifuata utaratibu wake.

Cheti kitoe nakala kadhaa zilizothibitishwa, asili uifungie. Ndipo uende kuomba kitambulisho cha taifa, kisha pasipoti, urekebishe taarifa zako KRA na benki, na ujiandikishe kupiga kura IEBC (tume ya uchaguzi). Ardhi nayo hubadilika: mgeni hawezi kumiliki zaidi ya miaka 99 ya kukodi, raia anaweza kumiliki moja kwa moja. Mtoto wako atakayezaliwa Kenya baada ya siku hiyo ni Mkenya wa kuzaliwa.

Yako mambo ambayo raia wa kusajiliwa hayuko sawa na wa kuzaliwa. Hawezi kugombea urais. Na akihukumiwa kifungo cha miaka 3 au zaidi ndani ya miaka 5 ya kwanza, uraia wake unaweza kufutwa.